Boila ya kuni niliyojijengea nje, Dagoretti: inapasha nyumba na karakana (uzi mrefu)

MseremalaDago

Wadau, hamjambo. Tangu nitaje boila yangu kwenye ule uzi wa gundi kukataa kushika mwezi wa saba, maswali hayajaisha. Nimeona niandike yote mahali pamoja, na pale nilipokosea pia, kwa sababu kosa langu moja lingeweza kumuua mtu.

Niko Dagoretti, upande wa juu kuelekea Kikuyu. Kwenye ploti kuna nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na nyuma yake karakana ya useremala. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 18. Asiyekaa Nairobi hudhani huku ni jua mwaka mzima. Kuanzia Juni hadi Agosti anga hufunga, asubuhi kipimajoto changu husoma nyuzi 11 au 12, na ukuta wa mawe ukishashika baridi hauiachii kirahisi. Mama yangu ana miaka 78. Magoti yake hujua baridi imefika kabla yangu mimi. Karakana nayo huwa na mambo yake: gundi nyeupe inachelewa, mbao za saiprasi kutoka kwa mpasuaji hazikauki, na vanishi ya kupuliza inatoka na ukungu mweupe kwa sababu unyevu wa hewa unanaswa ndani yake kabla haijakauka.

Na huku nyuma nina lundo la mabaki ya mbao ambalo nilikuwa nalipia watu walibebe.

Nilianza kwa michoro ya Marekani na Kanada. Kule hujenga kibanda cha chuma nje ya nyumba, ndani yake sanduku la moto lililozungukwa na maji pande zote. Jioni wanajaza magogo. Maji yakifika joto linalotakiwa, mlango wa hewa unajifunga, na zile kuni zinafuka tu hadi maji yapoe tena. Kule baridi ni ya miezi, usiku na mchana, kwa hiyo wanataka moto usiozimika. Lakini kuni zinazofuka huku zimezungukwa na chuma chenye maji haziungui vizuri. Moshi unahitaji joto la nyuzi 600 hivi ili nao uwake, na ukuta wenye maji nyuma yake hauwezi hata kukaribia hapo. Moshi unatoka mbichi, mwingine unaganda kuwa lami kwenye bomba. Malalamiko ya majirani yalizidi hadi mwaka 2015 shirika la serikali ya Marekani la mazingira, EPA, likaweka viwango vya moshi kwa boila za aina hiyo.

Baridi yetu si hiyo. Yetu ni ya usiku na asubuhi, na kwa mwaka haizidi wiki kumi na mbili au kumi na nne. Ndiyo maana nawaomba msinakili ule mchoro. Washeni moto mkali wa saa tatu, joto lote liingie kwenye maji mengi, kisha moto uzimike. Maji ndiyo yatakayofanya kazi usiku.

Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa kalamu. Tangi langu ni lita 1,000. Kulipandisha kutoka nyuzi 35 hadi 75 kunataka megajuli 167, yaani kama yuniti 46 za stima. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi. Tukisema nusu ya joto hilo inapotelea kwenye bomba la moshi na kwenye mwili wa boila, zinabaki megajuli 7 na nusu kwa kilo. Kwa hiyo nahitaji kilo 22 za kuni. Hilo ni gunia moja la vipande vya mbao, na mimi nazalisha zaidi ya hapo kila siku ya kazi.

Boila yenyewe: silinda ya ndani ni bomba kuukuu la inchi 20, unene milimita 6, nililolipata kwa wauza vyuma chakavu Kariobangi. Urefu ni sentimita 90. Silinda ya nje ni pleti ya milimita 4 iliyopindwa kwa mashine Industrial Area. Kati yake kuna nafasi ya sentimita 5, ambayo hubeba maji kama lita 80. Nusu ya chini ya chumba cha moto nimeijengea matofali yanayostahimili moto, ili moto ukae juu ya kitu chenye joto na usiguse chuma baridi. Hewa ya kwanza inaingia chini ya mlango. Hewa ya pili inapita nyuma ya matofali, inapata moto, halafu inatokea juu ya miali. Hapo ndipo moshi unapowaka, na nikifungua tundu la kuchungulia naona ndimi za samawati zikicheza juu ya kuni. Baada ya hapo moshi unapita kwenye paipu 8 za inchi 2 zilizozungukwa na maji, kisha unatoka kwenye bomba la inchi 6, urefu mita 4, lililopita juu ya mabati ya karakana.

Tangi nililipata kwa bahati. Ni tangi kuukuu la kupozea maziwa, la chuma kisichoshika kutu, na tayari lilikuwa na sponji la kuzuia joto kati ya kuta zake mbili. Nililifunga jioni likiwa nyuzi 74, kesho yake alfajiri, bila kulitumia, lilikuwa 70.

Nitaendelea kesho na boila ya kwanza, ile iliyoharibika.

KuniBoosta_Nyeri

Kazi nzuri fundi. Lakini huku kwetu tumekuwa na kuni boosta tangu nikiwa mtoto. Ni tangi la chuma, moto chini, bomba la moshi limepita katikati ya maji, unawasha vijiti vichache na watu watano wanaoga. Sioni ugumu wote huo ni wa nini.

MseremalaDago

Ndugu yangu, kuni boosta naiheshimu, na wazo la kupitisha moshi katikati ya maji nimelitoa huko. Kwa kuoga inatosha kabisa. Ila inabeba maji ya kuoga tu, na ukizima moto inapoa. Mimi nataka joto la kulala nalo, na la kukausha mbao usiku kucha. Tofauti ni wingi wa maji na namna ya kulizuia joto lisitoroke. Swali moja tu: ya kwako ina paipu ya kupumulia iliyo wazi?

KuniBoosta_Nyeri

Ipo, inapanda juu ya paa. Lakini ilikuwa inamwaga maji kwenye mabati kila jioni, fundi akaniwekea valvu. Naifungua nikikumbuka.

MseremalaDago

Tafadhali, kabla hujawasha moto leo, ifungue na uiache wazi. Nitakueleza kwa nini hapa chini. Nakuomba kama ndugu.

MseremalaDago

Boila ya kwanza niliijenga mwaka mmoja kabla ya hii. Ilikuwa sanduku la mraba, sentimita 60 kwa 60, pleti ya milimita 3. Mraba ni rahisi kukata na kuchomelea, na mimi ni mtu wa mbao, macho yangu yamezoea pembe. Niliijaza maji, nikawasha moto, nikafurahi. Wiki ya pili nikaona mlango wa mbele hauingii sawasawa. Nikaweka rula kwenye ukuta wa kando, katikati ulikuwa umetoka nje kwa kidole kizima. Ukuta wa ndani ulikuwa umefura kuelekea kwenye moto.

Sikuwa nimefikiria uzito. Kutoka uso wa maji kwenye tangi hadi sakafu ya boila ni mita 3. Maji ya kina cha mita 3 yanasukuma kwa nguvu ya tani 3 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36, kwa hiyo karibu na sakafu unabeba kama tani nzima. Pleti tambarare ya milimita 3 bila vishikizo haiwezi. Ndiyo maana hii ya sasa ni ya mviringo: umbo la duara hujibeba lenyewe.

Lakini kufura halikuwa jambo baya zaidi. Jioni moja ya Julai, saa moja na nusu, moto umekolea vizuri, stima ikapotea. Pampu ya kuzungusha maji ikasimama. Wakati huo nilitegemea pampu kuyatoa maji kwenye boila na kuyapeleka kwenye tangi. Sikuharakisha, nilidhani nina muda. Nikaingia ndani kutafuta tochi.

Nikasikia nyuma ya nyumba gubu, gubu, gubu, kama mtu anayepiga pipa kwa ngumi kutoka ndani. Nilipofika, paipu zilikuwa zinaruka kwenye vishikizo vyake, na paipu ya kupumulia ilikuwa inarusha maji yanayochemka hadi kwenye ukuta wa jirani. Mtoto wa dada yangu alikuwa amesimama hatua kama nne kutoka hapo, anashangaa. Nilimvuta kwa kola.

Baadaye niliketi na kalamu. Lita 80, maji yako nyuzi 80, moto unaingiza kilowati 15. Hapa Nairobi tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Hizo nyuzi 14 zilizobaki zinamalizika kwa dakika tano. Dakika tano! Muda wa kutafuta tochi. Vitabu vya watu wa nchi za chini vinakwambia weka themostati kwenye nyuzi 85, kwa sababu wao wana nafasi ya nyuzi 15. Sisi tuna 9 tu.

Na kama ile paipu ingekuwa na valvu, na valvu ikawa imefungwa, sijui kama ningekuwa naandika hapa. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Ikiinyimwa, inaitafuta kwa kupasua chuma. Mvuke ukishapasua tangi hauchagui ulipo.

ChumaNaMoto

Mimi nachomelea vyuma Kariobangi miaka kumi na tisa. Uzi huu uwekwe juu. Naletewa matangi kila Juni: "fundi, niwekee moto hapa chini." Mtu anakuja na pipa la mafuta, mwingine na mtungi kuukuu wa gesi. Nikiuliza mvuke utatokea wapi, ananiangalia kana kwamba nataka kuongeza bei.

Niongeze mawili matatu. Elektrodi, yaani vijiti vya kuchomelea, za namba 6013 ni nzuri kwa mageti. Kwa kitu kinachokula moto upande mmoja na maji upande wa pili, mimi hutumia 7018, na naziweka kwenye joto kwanza zikauke, vinginevyo unapata vitundu ndani ya mshono usivyoviona. Kila mshono upite mara mbili. Ya pili: msichomelee chuma kilichopakwa zinki bila kukwangua zinki yote. Ule moshi mweupe unakulaza kitandani na homa siku nzima. Na mtungi wa gesi usikatwe na mtu asiyejua kuuosha na kuujaza maji kwanza.

Fundi wa Dago, ulipima vipi kabla ya kuwasha?

MseremalaDago

Kwa maji, si kwa hewa. Nina mparachichi hapa kwenye kona ya ploti. Niliziba matundu yote ya boila nikaacha moja, nikaunga paipu ya kumwagilia maua, kijana akapanda nayo mtini hadi mita 6, nikajaza maji hadi yakamwagika kule juu. Mita 6 ni mara mbili ya kina kitakachokuwepo kazini. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikapapasa kila mshono kwa karatasi ya chooni, maana karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni. Sehemu mbili zililoa. Nikazikwangua kwa grinda, zikachomelewa upya, kijana akapanda mti tena.

Msijaribu kwa kompresa. Maji yakipasua mshono yanamwaga tu, lakini hewa iliyoshindiliwa inarusha vipande.

Mwalimu_wa_Fizikia

Nimefurahi kuona hesabu. Sasa tuambie ulilitatuaje la stima, kwa sababu hapa kwetu stima kupotea ni jambo la kutarajiwa, na mtambo mzima unatakiwa ujengwe ukijua hivyo.

MseremalaDago

Mwalimu, niliiondoa pampu njiani kabisa. Nimeliinua tangi juu ya jukwaa la chuma, tako lake liko juu ya kichwa cha boila. Kutoka juu ya boila inapanda paipu ya inchi 2 hadi ubavu wa juu wa tangi, na kutoka chini ya tangi inarudi nyingine ya inchi 2 hadi chini ya boila. Hakuna kona kali, hakuna valvu, na paipu inapanda mfululizo bila mahali pa hewa kunasa. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Ukiweka kiganja juu ya paipu ya kupanda dakika kumi baada ya kuwasha, unasikia joto likisogea taratibu kuelekea juu. Tangi lenyewe lina kifuniko kisichobana, na juu kuna paipu wazi ya inchi 2. Pampu iliyobaki ni ya kupeleka joto nyumbani na karakanani tu. Stima ikipotea, nyumba inapoa kidogo, boila haina habari.

Mwezi jana ilipotea saa tatu usiku moto ukiwa katikati. Nilikuwa mezani nakula. Nilimaliza kula.

Mwalimu_wa_Fizikia

Hapo sawa kabisa. Kwa ndugu wa Nyeri: paipu yako inamwaga kwa sababu ni fupi. Maji ya moto yamepanuka, kwa hiyo kwenye paipu ya kupumulia husimama juu kuliko maji ya baridi kwenye tangi lako la juu. Pima kina kutoka uso wa maji ya baridi hadi chini ya boosta. Kwa kila mita ya kina, paipu izidi uso huo kwa sentimita 4, kisha juu yake ongeza sentimita 15. Ikipanda hivyo haitamwaga tena, labda tu ukiichemsha.

Mama_wa_Kinoo

Habari zenu. Mimi si fundi. Nimekuja hapa kwa sababu jirani yangu alijenga kitu kama hiki na mtoto wangu ana pumu. Jioni nafunga madirisha yote na bado nguo zinanuka moshi. Nimeongea naye, anasema kuni ni kitu cha asili. Naomba kuuliza kwa heshima, je, mnafikiria walio upande wa pili wa ukuta?

MseremalaDago

Mama, pole sana kwa mtoto. Swali lako ndilo lililonifanya nivunje ile boila ya kwanza badala ya kuitengeneza.

Moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Nikiona moshi juu ya bomba langu baada ya dakika kumi na tano za kuwasha, najua kuna kosa: kuni ni mbichi, au hewa imezibwa. Moto ukikolea, juu ya bomba unaona hewa ikitetemeka tu. Muulize jirani mambo mawili. Kwanza, anachoma nini? Kuni mbichi nusu ya uzito wake ni maji. Moto unamaliza nguvu kuchemsha yale maji, unabaki dhaifu, na moshi unajaa. Mimi hupasua mkaratusi, naupanga chini ya mabati, pande ziko wazi upepo upite, na siugusi kabla ya miezi sita. Pili, anafunga mlango wa hewa usiku ili kuni zidumu? Kama anafunga, ndiyo harufu unayoipata. Anaweza kuwasha saa kumi jioni, moto ukali, saa moja usiku umeisha, na maji yakabaki na joto. Akitaka aje hapa aone. Njoo naye mama, nitawasha mkiwepo.

Na hili nawaambia maseremala wenzangu kwa uchungu. Msichome MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), plaiwudi wala ubao wa maganda yaliyogandishwa. Gundi yake ina fomaldehidi. Vipande vya nguzo za stima na vya fensi zilizotiwa dawa ya kijani ndiyo hatari kubwa zaidi: dawa ile ni shaba, kromiamu na aseniki. Ukizichoma, aseniki nyingine inapanda na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo kuna mtu atayamwaga kwenye sukuma wiki. Nina mapipa mawili karakanani. Kijana mpya akija, somo lake la kwanza ni pipa lipi linakwenda kwenye moto, kabla hajashika randa.

Mama_wa_Kinoo

Asante fundi. Huwa ninaona mbao za rangi rangi kwenye lundo lake. Nitamwonyesha uzi huu.

JuaLaUtawala

Mimi nafunga sola za maji. Sitaki kuharibu uzi, lakini paneli mbili za mirija zingekupa maji ya moto bila moshi wowote.

MseremalaDago

Huharibu chochote. Januari na Februari ningekuwa mjinga kuwasha kuni kwa ajili ya kuoga, na nimeacha tundu kwenye tangi la kuingiza koili ya sola. Shida ni kwamba mwezi ninaohitaji joto zaidi ndio mwezi jua linajificha. Julai nimewahi kukaa siku sita bila kuona kivuli changu. Nipe hesabu ya sola kwa siku kama hizo, nitaisoma.

JuaLaUtawala

Kwa wiki kama hiyo paneli zitakupa maji vuguvugu, si zaidi. Nakubali. Basi fanya vyote viwili, koili ya sola iwe chini ya tangi ambako maji ni baridi zaidi, itavuna hata mwanga mdogo.

MseremalaDago

Hilo la chini sikuwa nimelifikiria, nilikuwa nimeweka tundu katikati. Nitalihamisha. Asante.

Fundi_Bomba_Ruaka

Maswali matatu mkuu. Paipu za kwenda nyumbani ni zipi? Maji ya kuoga ni yale yale ya boila? Na nina tangi jeusi la plastiki la lita 1,000, jipya. Linafaa?

MseremalaDago

Plastiki hapana. Matangi yale yametengenezwa kwa maji ya baridi. Kwenye nyuzi 75 plastiki inalegea, na uzito wa tani moja ya maji unamalizia kazi. Chuma kilichopakwa zinki nacho si kizuri hapo, kwa sababu maji yakizidi nyuzi 60 zinki huacha kukilinda chuma, na wakati mwingine chuma ndicho kinachoanza kuliwa.

Maji ya kuoga hayachanganyiki. Maji ya boila ni yale yale mwaka mzima, nimeyatia dawa ya kuzuia kutu, na naongeza kidogo tu yanapopungua. Ukibadilisha maji kila mara unaleta oksijeni mpya kila mara, na chuma kinaoza. Ndani ya tangi nimetumbukiza koili ya shaba, mita 20, milimita 15. Maji ya mfereji yanapita ndani ya koili yakielekea bafuni na kutoka yamepata moto. Lakini kabla ya bafu kuna valvu ya kuchanganya inayoshikilia nyuzi 42. Usiiruke hiyo. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na wazee na watoto hawarukii kando haraka.

Paipu ni PPR, zile nene za maji ya moto, na siruhusu maji yanayokwenda nyumbani yazidi nyuzi 70. Hapa niliteleza. Nilizifunga sponji, nikazifukia kwenye mfereji wa futi moja na nusu. Mvua za Aprili zikaja, sponji likanywa maji. Nilijua kwa sababu ya kuku. Kila asubuhi walikuwa wamejipanga mstari mmoja, kutoka karakanani hadi dirisha la jikoni, wamelala juu ya mfereji kama waliopimiwa kwa kamba. Nikapima: maji yalitoka nyuzi 70 yakifika 64. Joto la mama lilikuwa linapasha kuku. Nikafukua, nikaingiza paipu zote mbili na sponji jipya ndani ya bomba la plastiki la inchi 6 lililozibwa ncha, nikaweka kokoto chini yake maji yapite. Sasa yanatoka 70 yanafika 69. Kuku wamehama.

ChumaNaMoto

Na karakanani joto linatokaje?

MseremalaDago

Rejeta ya matatu kuukuu, kutoka kwa wauza vipuri wa Grogan, imewekwa ukutani na feni nyuma yake. Maji ya moto yanapita, feni inasukuma hewa. Usiku nageuza valvu, joto linaingia kwenye kibanda cha mabati chenye sponji ambamo napanga mbao. Naweka nyuzi 45, sizidishi, kwa sababu ukiharakisha saiprasi inapasuka ncha. Mbao za inchi moja nilizokuwa nasubiri miezi mitatu zinafika asilimia 12 ya unyevu kwa wiki tatu. Hiyo asilimia 12 ndiyo kiasi ambacho mbao hutulia nacho hapa Nairobi. Kabati halivimbi wala halilegei baada ya kumfikia mteja. Nyumbani nina vibao viwili vya paipu za chuma nilizochomelea kama ngazi, kimoja sebuleni, kingine chumbani kwa mama. Hukaushia leso zake hapo.

Mtu ameniuliza faraghani kuhusu sheria. Ya kwangu ni maji yaliyo wazi kwa hewa, haina shinikizo. Lakini ukifikiria kujenga boila ya mvuke kwa ajili ya karakana, ujue Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila za mvuke zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Binafsi mvuke sitaugusa.

Na msiingize boila ndani ya karakana eti joto lisipotee. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu. Kichwa kinauma kidogo, unasinzia, basi.

KuniBoosta_Nyeri

Nimerudi. Leo asubuhi nilipanda juu ya paa na mwanangu. Tumepima, kina ni mita 2 na nusu, kwa hiyo paipu ilitakiwa kuzidi uso wa maji kwa sentimita 25. Yangu ilizidi kwa 8. Tumeikata valvu, tumeongeza kipande cha mita moja.

Ile valvu nimeipasua nione. Nilidhani huwa naiacha nusu wazi. Ndani ilikuwa imejaa magamba ya kutu, hata kijiti cha kiberiti hakipiti. Sijui ni tangu lini.

MseremalaDago

Ncha ya juu ipinde ielekee chini kwenye tangi la maji ya baridi, ibaki juu ya maji isizame. Ukiweka wavu wa kuzuia nyigu uwe wa matundu makubwa, na uuangalie kila mwezi. Watoto wameoga?

KuniBoosta_Nyeri

Wameoga. Mabati ni makavu.